MTOTO WAKO AMESOMA NINI JUMA HILI?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, mpaji wa akili na ilimu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Ndugu msomaji, nataka kukuuliza suali moja dogo, nawe ulijibu moyoni mwako kabla hujaendelea mbele. Mtoto wako aliye katika skuli amesoma nini juma hili? Sikuulizi amevaa nini, wala michango imelipwa au bado, wala amekuwa wa ngapi katika mtihani. Nakuuliza lile alilolisoma. Ukiweza kulijibu, wewe u katika wachache, na haya niandikayo utayasoma kwa kujikumbusha tu. Ukiwa huwezi, usione haya, kwani mwandishi wa maneno haya naye alikuwa vivyo hivyo, na hiyo ndiyo sababu ya kuyaandika.

KISA CHA TAA ILIYOZIMIKA

Nina mwana wa kiume, nasi twakaa Tanga. Alipoingia darasa la tatu mimi nilikuwa nimetulia moyo. Kila usiku baada ya Isha alikuwa akifungua kitabu chake cha kusoma, akakisoma kwa sauti nzuri, pasina kugota wala kurudia. Mimi hukaa barazani na wenzangu, nikimsikia nikimhimidi Mungu, nikiwaambia, "Huyu amekwisha kujua kusoma."

Usiku mmoja umeme ulikatika naye yuko katikati ya ukurasa. Taa ikazimika, na sauti haikuzimika. Akaendelea kusoma gizani, neno kwa neno, hata akaufikisha ukurasa mwisho.

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka. Niliingia ndani, nikawasha taa ya mkononi, nikakitwaa kitabu kile kile, nikaziba picha kwa kiganja, nikamwonyesha neno moja la katikati nikamwuliza, "Hili ni neno gani?" Akanyamaza. Nikamwonyesha la pili, akanyamaza. Kisha akaniambia huku machozi yakimtoka, "Baba, ukiniacha nianze kule juu, hapo nitafika."

Basi mwanangu alikuwa hajui kusoma. Alikuwa amevishika vitabu viwili vizima kwa sikio, kwa kuwafuata wenzake darasani, nami nimekaa miaka miwili nikiisikia sauti yake nikidhani ni kusoma. Sikumpiga, wala sikumkemea, na kwa hilo namshukuru Mungu, kwani papo hapo niliikumbuka nafsi yangu. Nilipokuwa chuoni juzuu ya Amma niliishika kwa kumfuata mwalimu kwa sikio, na siku niliyofunuliwa msahafu mahali nisipopahifadhi nilikuwa kama bubu. Jua, ndugu yangu, ya kwamba hifadhi ina heshima kubwa, na mwenye kuibeba ana daraja yake. Lakini kuhifadhi ni jambo moja na kusoma ni jambo jingine, na mtoto ahitaji yote mawili. Aliyehifadhi ana kile alichopewa. Aliyejua kusoma aweza kujichumia asichopewa na mtu.

NILIYOAMBIWA NA MWALIMU

Asubuhi yake nalikwenda skuli. Sikwenda kwa ugomvi, maana mwenye kosa la kwanza nilikuwa mimi. Mwalimu alinikaribisha, akanieleza kwa upole. Akasema ya kwamba tangu mwaka 2015 masomo ya darasa la kwanza na la pili katika Tanzania Bara yaliwekwa juu ya mambo matatu makubwa: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ambayo kwa ufupi huitwa KKK. Shabaha yake ni kuwa mtoto afikapo darasa la tatu awe amekwisha kukishika chombo, ndipo akitumie. Katika madarasa mawili ya kwanza mtoto hujifunza kusoma. Tangu darasa la tatu husoma apate kujifunza mengine. Basi aliyefika hapo bila ya kusoma ni kama mtu aliyetiwa katika ngalawa asijue kushika kasia, na ngalawa imekwisha kuondoka.

Kisha akanionyesha karatasi nisiyopata kuiona maisha yangu, iitwayo azimio la kazi. Jua ya kwamba kila mwalimu huandika azimio kama hili kabla ya muhula kuanza, na ndani yake masomo yamepangwa mwezi kwa mwezi na juma kwa juma. Akaniruhusu kunakili majuma manane katika daftari yangu. Nilipokuwa naandika akaniambia, "Baba, wazazi wengi huja kwangu siku ya matokeo. Juma la kwanza la masomo sijamwona mzazi."

Neno hili lilinichoma. Yatupasa tukumbuke ya kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufunza kuwa kila mtu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Mchunga haulizwi siku ya kuuza mbuzi tu. Huulizwa kila jioni mbuzi warudipo zizini. Na katika sura ya 31 ya Kurani twamkuta Lukmani akimfundisha mwanawe yeye mwenyewe, kwa kinywa chake: imani, Sala, subira, hata namna ya kwenda njiani na kiasi cha sauti. Hakusema, "Nimemtia kwa mwalimu, yatosha."

Basi nilijiwekea ada. Kila Alhamisi baada ya Maghribi, ambao kwa hisabu yetu ndio usiku wa Ijumaa, nikae na mwanangu kiasi cha nusu saa, tulitazame lile alilosoma juma zima. Haya ndiyo majuma manane, nimeyaandika kila moja na faida yake, ili nawe upate njia.

JUMA LA KWANZA: SAUTI NA HERUFI

Lugha yetu ya Kiswahili ina irabu tano: a, e, i, o, u. Mtoto huzifunga kwa herufi nyingine akapata silabi: ba, be, bi, bo, bu. Mwenye kuzijua silabi aweza kulisoma neno asilopata kuliona, kwani Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa.

Nilipomsikiliza mwanangu niliona anakosa mahali pawili. Pa kwanza ni e na i, na o na u. Nikacheka, maana ndilo kosa la babu zetu kinyume chake. Hati ya Kiarabu ina alama tatu za irabu, fatha, kasra na dhumma. Wazee walipoandika Kiswahili kwa hati ile, kasra ikabeba e na i pamoja, na dhumma ikabeba o na u. Kuku na koko yakaandikwa namna moja, na msomaji akatambua kwa maana ya maneno. Wako wanachuoni wa pwani walioongeza alama ili kuliondoa tatizo hili.

Pa pili ni zile herufi mbili zitoazo sauti moja: ch, sh, ny, th, dh, gh, na ng' yenye kijialama juu. Hapa mtoto wa chuoni ana akiba. Anaijua thaa na dhali na ghaini tangu utoto. Nilimwambia, "Ile thaa uisomayo chuoni ndiyo hii th ya thamani, ile dhali ndiyo dh ya dhahabu, ile ghaini ndiyo gh ya ghali." Akashangaa, kwani alidhani chuo na skuli ni bahari mbili zisizokutana. Ama ng' hana katika Kiarabu; hiyo tuliifunza kwa maneno mawili, ngoma na ng'ombe, mpaka sikio lake likatambua.

JUMA LA PILI: MAMOJA, MAKUMI, MAMIA

Juma hili ilikuwa hisabu. Nilimwambia aandike mia tatu na tano, akaandika 3005. Wengi huliona kosa hili wakasema mtoto ni mjinga. Sivyo. Amesikia "mia tatu" akaandika 300, amesikia "na tano" akaandika 5 mbele yake. Ameandika kama asikiavyo, na ubaya ni kuwa hajajua kwamba katika hisabu mahali pa tarakimu ndipo penye thamani.

Tulichukua vikombe vitatu tukavipanga. Cha kulia cha mamoja, cha kati cha makumi, cha kushoto cha mamia. Tukatia mbegu za ukwaju, tatu kushoto na tano kulia. Nikamwuliza, "Cha kati kina nini?" Akasema, "Kitupu." Nikamwambia, "Basi utupu huo nao huandikwa, na jina lake ni sifuri." Akaandika 305, na tangu siku ile hajakosa.

Nawe mweleze mwanao ya kwamba neno sifuri latokana na Kiarabu, na maana yake ni kitu kitupu. Namna hii ya kuandika hisabu ilitoka Bara Hindi, na katika karne ya 9 mwanachuoni al-Khwarizmi wa Baghdad aliandika kitabu cha kuifunza, na kwa njia ya Waislamu ikafika Ulaya. Pia mweleze ya kwamba sita, saba na tisa ni maneno tuliyoyapokea kwa Waarabu, na wazee wetu walikuwa wakisema tandatu, fungate na kenda. Fungate tunalo hata leo katika arusi, kwa zile siku saba.

JUMA LA TATU: SIKU NA SAA

Hapa mwanangu alinishinda kwa suali lake. Alisema, "Jumamosi ni ya mosi, Jumapili ya pili, hata Jumatano ya tano. Mbona ya sita haiko?" Ilinibidi nifikiri. Sisi twahesabu siku baada ya Ijumaa, siku ya mkusanyiko, kwa hiyo Jumamosi ndiyo ya kwanza. Waarabu wahesabu kuanzia Jumapili, waiitayo siku ya mosi, na siku yao ya tano ndiyo Alhamisi. Basi juma letu lina siku mbili za tano, ya Kiswahili na ya Kiarabu, zimekaa jirani kama wenye nyumba na wageni wao. Huu ndio ushahidi wa asili yetu watu wa pwani, na watu wengi huutamka kila juma wasiutambue.

Na saa ni vivyo hivyo. Saa yetu huanza kwa kucha na kuchwa kwa jua. Jua likisha kuchomoza ikapita saa moja, ni saa moja. Lakini uso wa saa ya ukutani na wa simu huonyesha 7. Mtoto afunzwe zote mbili na tofauti yake ya saa 6, maana atasoma ratiba ya basi na ya mtihani, na aliyekosea saa ameikosa safari.

JUMA LA NNE: VIPIMO

Skulini wamesoma meta na sentimeta, na ya kwamba sentimeta 100 ni meta moja. Jambo hili ni jepesi kulisema, na gumu kuliona. Nilimpa kamba ya mshipi tukapima mlango, kitanda na mkeka. Kisha nikamwambia apime shubiri yake na yangu. Shubiri yake ilikuwa ndogo, na yangu kubwa. Akasema mwenyewe, "Basi ukinunua nguo kwa shubiri, mwenye mkono mdogo atauza vizuri." Hiyo ndiyo hikima ya kipimo kimoja kwa watu wote, na ndiyo uadilifu ambao dini yetu imeuhimiza sana katika kupima na kupunja ikakukataza kwa ukali.

Kwa ujazo nilimfunza kibaba na pishi, vibaba 4 kuwa pishi moja, kwani ndiyo hisabu iliyotumiwa na wazee kutoa zaka ya Fitri, na saa' ya Waarabu nayo ni mudi 4. Hapo mtoto huona ya kuwa hisabu ya skuli na wajibu wa dini vyakutana katika chombo kimoja cha mchele.

JUMA LA TANO: MAJI YA BAHARI

Katika somo la mazingira wamesoma kujaa na kupwa. Hapa baba wa pwani hana udhuru. Tulikwenda ufukoni tukachomeka mti, tukaweka alama. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa kiasi cha saa 24 na dakika 50. Kwa hivyo maji yakijaa leo saa nne asubuhi, kesho yatajaa karibu na saa nne na dakika 50. Hii ndiyo sababu wavuvi hawatoki saa ile ile kila siku.

Kisha tukalitazama juu la mbinguni. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, jua na mwezi na dunia huwa karibu na mstari mmoja. Nguvu za kuvuta za jua na mwezi hushirikiana, tukapata bamvua, maji yajaayo sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, nguvu hizi hupingana, tukapata maji mafu. Mwanangu aliandika katika daftari yake siku saba, na hakuna aliyemwamrisha. Mtoto aonaye ya kwamba kitabu kimesema kweli juu ya bahari aijuayo, hukiamini na kukipenda.

JUMA LA SITA: USAFI

Wamesoma kunawa mikono kwa sabuni, na kunywa maji yaliyochemshwa mpaka yakatokota. Mwanangu aliniambia, "Lakini sisi twatia udhu mara tano." Nilimjibu hivi, nami naona wengi wetu wahitaji jibu hili. Udhu ni ibada: una nia yake, na kuosha uso, na mikono mpaka viwikoni, na kupaka kichwa maji, na kuosha miguu, na kufuata taratibu. Waosha kweli, lakini shabaha yake ni kumwandaa mtu asimame mbele ya Mola wake. Ama vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara havionekani kwa jicho, na maji matupu hayatoshi kuviondoa. Yataka sabuni, na kusugua vidole na viganja kiasi cha sekunde 20, baada ya choo na kabla ya chakula. Asiyefanya la pili kwa kutegemea la kwanza amezichanganya hukumu mbili, na huenda akaila maradhi yake kwa mkono wa kulia.

JUMA LA SABA: MARA

Ndugu yangu, kama ningeandika juma moja tu, ningeandika hili.

Wamesoma kuzidisha, na alama yake ×, isomwayo "mara". Mwanangu alikuwa akisema, "Mbili mara tatu ni sita, tatu mara mbili ni sita," naye akifurahi kwa kuwa majibu ni mamoja. Mama yangu mzazi alikuwa kwetu, magoti yamuuma, na amepewa vidonge vya maumivu katika bahasha ndogo. Juu yake pameandikwa kwa kalamu 2 × 3. Nyumbani tulikuwa tumeshika ya kuwa ni mara mbili kwa siku, vidonge vitatu vitatu, asubuhi na jioni. Tulikuwa tumekaa siku kadhaa hivyo, na mama alikuwa akilalamika kichefuchefu, nasi tukisema ni uzee.

Mtoto aliiona bahasha mkekani, akaisoma kwa fahari kama mtu aliyemkuta rafiki yake: "Mbili mara tatu." Kisha akamwuliza bibi yake, "Bibi, mbona wewe wala tatu mara mbili?" Mama mwenye nyumba akamjibu, "Si yote sita?" Mtoto akafikiri, akasema, "Kwa jumla ni sita. Lakini tumboni haviingii jumla."

Nilinyanyuka pale pale nikairudisha bahasha kwa aliyetupa dawa, nikauliza. Akasema: vidonge viwili, mara tatu kwa siku. Akanieleza ya kwamba dawa hupimwa kwa kile ambacho mwili waweza kukichukua kwa mara moja, na kwamba vitatu kwa pamoja vilikuwa vimezidi kiasi chake. Basi kosa halikuwa la mwandishi wa bahasha. Alama ilikuwa wazi. Kosa lilikuwa letu watu wazima wa nyumba, tulioisoma kwa kukisia na tukaona haya kuuliza. Tangu siku ile mama alipewa kwa namna yake, na kichefuchefu kikamwondoka.

Zingatia, ndugu msomaji. Mtoto yule yule aliyekuwa akisoma gizani ndiye aliyeisoma alama ambayo baba yake na mama yake walikuwa wakiipita kila asubuhi. Na kama nisingalijua ya kwamba juma lile wanasoma kuzidisha, huenda ningalimwambia, "Nyamaza, haya ni mambo ya wakubwa."

JUMA LA NANE: KUSOMA NA KUFAHAMU

Juma la mwisho katika daftari yangu lilikuwa la kusoma habari fupi na kujibu masuali. Kwa majuma saba tulikuwa tukisoma silabi na maneno kidogo kidogo, kila Alhamisi, na mwalimu naye alikuwa akimweka mbele darasani pamoja na wenzake watatu wenye haja kama yake. Nikamfungulia kitabu asichopata kukiona, kisicho na picha hata moja.

Alisoma polepole, huku akisimama na kurudi nyuma, kama mtu apitaye juu ya matumbawe bila viatu. Ile sauti nzuri ya kwanza haikuwapo. Neno moja alilikata vipande vitatu, kisha akaviunga. Alipokwisha nusu ya ukurasa nilimwuliza habari ile yasemaje, akanieleza kwa maneno yake mwenyewe. Kisha akaanza ukurasa wa pili, nami nikaunyosha mkono nikaizima taa.

Akanyamaza. Akasema, "Baba, sioni."

Kunyamaza kule kulinifurahisha kuliko kisomo chote cha miaka miwili.

WASIA KWA WAZAZI

Kwanza, mwendee mwalimu mwanzo wa muhula, kwa heshima na si kwa mashtaka, ukamwulize mambo watakayosoma juma kwa juma. Mwalimu mwenye watoto wengi hawezi kumtazama kila mmoja kama baba amtazamavyo.

Pili, mjaribu mtoto kwa kitabu kigeni. Mwonyeshe neno katikati ya ukurasa, wala usimwache aanze juu siku zote. Fanya hivyo skulini na chuoni.

Tatu, usimwulize, "Umepata ngapi?" kabla hujamwuliza, "Umejua nini?" Alama ya mtihani huja mara chache kwa mwaka, na ujinga hujikusanya kila siku.

Nne, kila somo litafutie mahali pake nyumbani: mchele, kamba, bahari, bahasha ya dawa. Na penye dawa usikisie wala usibadili kiasi kwa rai yako, muulize aliyeitoa.

Tano, ikiwa wewe mwenyewe hukubahatika kusoma, usikimbie. Keti na mwanao akufunze wewe. Imepokewa ya kwamba baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra, baadhi ya mateka wasiokuwa na mali walikombolewa kwa kuwafunza watoto wa Madina kuandika. Ikiwa ilimu ya kalamu ilipokewa kwa mateka wa vita, itakuwaje baba aone haya kuipokea kwa mwanawe?

Wazee wetu wengi wa pwani waliiogopa skuli, na hofu yao ilikuwa na sababu zake katika zama zao. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, alitumia kalamu yake katika magazeti yake, Sahifa na al-Islah, akawahimiza Waislamu wa pwani waamke na kutafuta ilimu pamoja na kushika dini yao. Leo watoto wetu wamo skulini kwa wingi. Lililobaki ni sisi kujua wanafanya nini humo.

MASUALI YA KUJIULIZA

1. Mwanao yuko darasa gani, na mwalimu wake wa darasa ni nani?
2. Juma hili amesoma nini katika kusoma, kuandika na hisabu?
3. Aweza kulisoma neno asilopata kuliona?
4. Chuoni amefika wapi: kwa hifadhi, na kwa kusoma?
5. Ni saa ngapi za juma lako umezitenga kwa ajili yake?

Ukiyajibu matano haya Alhamisi hii, Alhamisi ijayo hutapata tabu. Mwenyezi Mungu awafungue watoto wetu fahamu zao, na atusamehe sisi yale tuliyoyapuuza. Na kwake ndiko kuwafikishwa.